Nyota Nne za Jerono

"Mwalimu, kama hii mashine ni ya kufuata nyota, mbona nyota inaitoroka?"

Swali hilo aliniuliza Mzee Kiptoo, mkulima wa Sugoi, mbele ya wazazi, walimu na wasichana wote wa shule, jioni moja ya kiangazi katika miaka ya mwisho ya utawala wa walowezi. Nilikuwa nimerudi Eldoret kutoka chuo kikuu kule Kampala, na kama kuna kitu nilichojulikana nacho ni kuuliza. Nilimuuliza mchungaji ni nani aliyeandika habari za kuumbwa kwa nuru kama hapakuwa na mtu wa kuiona. Niliwauliza wahadhiri kwa nini mitihani yetu ilisahihishwa ng'ambo. Sasa mzee mmoja mwenye koti la mvua na gumboti, aliyetembea toka asubuhi kuja kumwona binti yake, alikuwa ameniuliza swali moja tu, la haki kabisa, nami nilisimama nimeshika gurudumu dogo la shaba kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

Juzi tulimzika huyo binti yake. Jerono alikufa akiwa bibi wa wajukuu wengi, na hema mbili zilijaa. Kijana mmoja wa kanisa alisoma historia ya marehemu kwa kipaza sauti kilichokoroma. Alisoma juu ya watoto, ng'ombe wa maziwa, kikundi cha akina mama, na jinsi marehemu alivyopenda kuimba sauti ya pili. Juu ya mambo yaliyonihusu mimi kulikuwa na sentensi moja: "Alisoma shule ya wasichana kwa muda mfupi, kisha akaolewa." Watu hawakushtuka, wanawake wengi wa umri wetu wameandikiwa hivyo hivyo. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kwa miaka yote nimekuwa nikijua kilichomo ndani ya hayo maneno, muda mfupi, na nilikuwa sijawahi kuyasikia yakisomwa kwa sauti.

Mwaka ule nilipanga chumba kwa Mama Rasoa, mjane wa Kimaragoli aliyekuwa akiuza uji na maandazi kwa makarani na wapagazi wa stesheni. Nyumba yake ya mabati matupu ilikuwa lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika, na chumba changu kilitenganishwa na chake kwa magunia ya ngano yaliyoshonwa pamoja na kupakwa chokaa. Gunia halizuii sauti. Asubuhi nilisikia mchi, jioni nilisikia maisha yangu yakijadiliwa. "Huyo msichana wako wa Kampala," mwenzake mmoja aliuliza siku moja huku wakichambua mboga, "ni kweli haombi kabla ya kula?" Mama Rasoa akatupa bua kando. "Anaangalia chakula kwanza," akasema. "Labda anaombea kwa macho." Wakacheka mpaka sufuria ikaanguka. Usiku huo aliniwekea mrenda na ugali wa mtama, akakunja mikono, akaniangalia. Niliomba. Sikuomba kwa imani, niliomba kwa sababu nilikuwa na njaa na yeye alikuwa na mwiko.

Nilikuwa nafundisha katika shule ya misheni nje ya mji. Mkuu wa shule alikuwa mwanamke wa Kiingereza tuliyemwita Misi, mtu mwenye haki kwa kadiri alivyoijua haki, mwenye Kiswahili kizuri cha Biblia. Wasichana walifundishwa kusoma, hesabu, kushona, upishi na usafi wa mtoto mchanga. Nilitaka wafundishwe sayansi. Misi aliniambia hana vifaa, na pia haoni wazazi wakiitaka. Kwa wazazi alikuwa na ushahidi wa karibu. Mzee Kiptoo alikuwa ameshafika ofisini kwake kusema kwamba Jerono, msichana mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha, angerudi nyumbani mwisho wa mwaka. Nilikuwa pale mlangoni nikimsikia. "Misi, kushona mama yake anajua," mzee alisema kwa upole. "Kupika anajua. Mtoto, amelea wadogo zake. Nionyeshe kitu moja hapa shule ambayo mimi sina nyumbani, na nitamwacha amalize. Nikikosa kuona, kuna watu wamekuja kuniuliza juu yake, na ni watu wazuri."

Misi akamwambia aje Siku ya Wazazi, ataonyeshwa. Mzee alipotoka, Misi aligeuka kwangu. "Basi, Mwalimu Selina. Utamwonyesha nini?"

Hapo ndipo darubini ilipoingia. Karibu na Sugoi kulikuwa na mlowezi mzee ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi akiwa amefurahi, na asipopiga mluzi hakuna aliyemwomba ruhusa. Alikuwa akihamia nyumba ndogo mjini na kugawa vitu. Misi alinichukua kwenye gari lake hadi kwenye baraza la mlowezi huyo, ambako alikuwa ametandaza mazulia, vichwa vya wanyama, gramafoni, na katika kona, darubini mbili. Moja ilikuwa kubwa, bomba la shaba lenye urefu wa mtoto wa miaka kumi, juu ya miguu mitatu ya mbao, na kati ya bomba na miguu kulikuwa na chuma kizito chenye magurudumu na namba, ambacho baadaye sisi tulikiita shingo. Iling'aa kama imetoka dukani jana. Ya pili ilikuwa ile ndogo ya macho mawili ambayo mtu huivaa kifuani, na ukanda wake wa ngozi ulikuwa mweusi kwa jasho. Bwana Mluzi aliishika hii ndogo mkononi muda wote tuliozungumza.

"Shule ichukue moja," alimwambia Misi. "Achague mwalimu."

Misi akaniambia kwa sauti ya chini, "Kwa wasichana, hii ndogo inatosha."

Kama angenyamaza, pengine ningefikiri. Ningeuliza ipi ni rahisi kupokezana watu hamsini. Ningeuliza kwa nini moja imechakaa na nyingine haijachakaa. Lakini nilisikia lile neno, inatosha, na masikio yangu yakapata moto. Zilitosha sindano, yalitosha masufuria, na sasa hata mbingu kulikuwa na kipimo chake cha kutosha kwa wasichana. Nikasema nataka kubwa. Bwana Mluzi alifungua sanduku la ile kubwa, akanionyesha vioo vya jicho vilivyolala ndani ya kitambaa chekundu, akafunga tena upesi, kisha yeye mwenyewe, mzee wa umri ule, akashika upande mmoja wa sanduku kulipeleka garini.

Tulipofika lokesheni Mama Rasoa alitoka na mikono ya unga. "Selina mwanangu, hii bomba ni ya kupiga nani?"

"Ni ya kuangalia nyota, Mama."

"Na askari wakipita wakiona imeelekezwa upande wa stesheni, utawaambia ni ya nyota? Siku hizi mtu anashikwa na panga ya kukata nyasi." Lakini alishika upande mmoja na tukaiingiza.

Ilikuwa likizo, na nilitaka kuijua mashine kabla ya kuipeleka mbele ya watu. Ndani ya kifuniko cha sanduku kulikuwa na maagizo ya kiwanda kwa Kiingereza. Yalisema isimamishwe mahali palipo sawa kabisa, shingo ielekee kaskazini, nyota ikishapatikana mtu ageuze gurudumu moja tu, polepole, na nyota itabaki ndani ya kioo kwa muda wowote atakao. Juu ya skrubu kubwa ya shingo, ile iliyoshika pembe yake, yalisema: imepimwa kiwandani, isilegezwe. Nyuma ya nyumba ya Mama Rasoa pakawa mahali pake. Pale palikuwa na mashimo ya kuku na mteremko wa maji machafu, kwa hiyo Mama Rasoa aliita wenzake wawili, wakachanganya udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe na majivu, wakakandika uwanja kama wanavyokandika sakafu kabla ya arusi. Jirani alichungulia juu ya ua.

"Mnakandikia nani?"

"Wageni wa mwalimu."

"Wanatoka wapi?"

"Juu," Mama Rasoa akasema bila kuinua kichwa. "Na ujue hawali."

Uwanja ulipokauka niliweka sinia la maji katikati, na maji yakasimama sawa pande zote. Sijaona sakafu sawa kama ile hata katika nyumba za mawe. Jerono alikuwa akikaa kwa shangazi yake mjini likizo hiyo, akaja kila jioni. Giza la kwetu huingia haraka. Tukimaliza chai, Jupita, ile sayari ambayo watu wa pwani huiita Mshtarii, ilikuwa imeshainuka juu ya paa la mabati. Jioni ya tatu niliipata ndani ya kioo. Nilimwita Jerono. Aliinama, akashika magoti yake, na alikaa hivyo bila kupumua. "Ina zingine ndogo," akasema. "Nne. Zimepanga mstari kama ndama." Nilimwambia hizo si nyota, ni miezi ya Jupita. Akasema, "Wacha ziwe nyota leo, Mwalimu. Kesho nitaziita miezi." Alipoinuka nilitazama mimi, na hapakuwa na kitu, giza tu. Niligeuza gurudumu kama maagizo yalivyosema. Kadiri nilivyogeuza, ndivyo nilivyopotea zaidi.

Ilikuwa hivyo kila jioni. Ningeikamata sayari kwa kusukuma bomba zima kwa mikono, ingekaa kwa muda wa mtu kuvuta pumzi chache, halafu ingeponyoka upande, na gurudumu lililotengenezwa kuifuata lilinipeleka kwingine. Nilijua, basi. Sikuja kujua Siku ya Wazazi. Nilijua nyuma ya nyumba ya Mama Rasoa. Na mimi niliyeuliza kila kitu, niliuliza vitu hivi: kama mikono yangu inatetemeka, kama nimekosea kaskazini, kama nimekandika vibaya, kama kweli niliistahili ile shahada. Nilisawazisha uwanja mara mbili zaidi. Skrubu ya shingo sikuigusa. Kitabu cha Mwanzo nilikuwa nimekitilia shaka tangu nikiwa msichana mdogo, lakini maandishi ya kiwanda cha Uingereza juu ya kipande cha shaba niliyaamini kuliko macho yangu.

Siku ya Wazazi wasichana waliimba, wakaonyesha vitambaa walivyoshona, watu wakala mahindi ya kuchemsha na mkate wenye jamu. Jua lilipozama tulikwenda kwenye uwanja wa netiboli ambako nilikuwa nimesimamisha darubini. Bwana Mluzi alikuwepo, mgeni wa heshima, kwenye kiti cha turubai. Nilikuwa nimefanya hesabu yangu ya siri: nitaikamata sayari upya kwa kila mtu, kwa mikono, haraka, na hakuna atakayejua. Misi aliangalia wa kwanza. Aliona. "Jamani, ni nzuri," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nikamkaribisha Bwana Mluzi. Akapunga mkono. "Wazazi kwanza," akasema.

Mzee Kiptoo akaja. Alivua kofia, kama mtu anayeingia kanisani, akaweka jicho. "Sioni," akasema. Nikasukuma bomba, nikaikamata, nikasogea. Aliinama tena polepole, maana mgongo wake ulikuwa wa jembe. "Ni nyeusi." Nikaikamata tena. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona, mmoja akasema labda nyota imekwenda kula, na kicheko kikapita. Mara ya tatu mzee aliona kitu kikipita ukingoni na kupotea, ndipo akaniuliza lile swali. Bwana Mluzi alijibu kutoka kwenye kiti chake, kwa kile Kiswahili chao cha shambani. "Hii kitu ngumu sana, mzee. Hii nataka mtu nazoea."

Wazungu wawili watatu waliokuja naye wakaitikia kwa vichwa. Nikasikia Misi akishusha pumzi. Na hapo Jerono alitoka kwenye mstari wa wasichana, akainama kwenye kioo ambacho mimi nilijua kimeshakuwa kitupu, akashika magoti yake vilevile kama nyuma ya nyumba ya Mama Rasoa.

"Naiona, Baba," akasema. "Iko hapa. Iko na nyota nne ndogo, zimepanga mstari."

Mzee akasogea upesi, akaweka jicho pale pale mtoto alipolitoa. Alikaa muda mrefu. Alipoinuka hakumtazama Jerono, alinitazama mimi. Alikuwa akingoja niseme. Nilitakiwa kusema maneno machache tu: Mzee, hakuna kitu ndani ya kioo, mtoto ananiokoa mimi, lakini alishaziona nyota hizo na ni za kweli. Nilikuwa na shahada na lugha nne. Nilisema, "Imeshapita tena." Nikawaacha watu waamini kwamba Jerono alikuwa ameiona.

"Asante, Mwalimu Selina," Misi akasema. "Imetosha."

Mzee Kiptoo alimchukua binti yake wiki hiyo hiyo. Nilikwenda Sugoi kumwomba. Walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Mama yake Jerono alitikisa kibuyu na kunimiminia mursik, maziwa ya mgando, hadi juu, na ugali ukawekwa na nyama iliyokuwa imetunzwa kwa wageni. Jerono alileta maji ya kunawa, akanishikia beseni. Mzee alingoja nile kwanza.

"Mwalimu, mimi si mtu mbaya," alisema. "Sikatai masomo. Niliona hakuna kitu. Wewe pia uliona hakuna kitu, nilikuangalia. Mtoto akaona nne. Nyumbani hii msichana hajawahi kunidanganya, hata juu ya ndama aliyepotea. Nilisema nionyeshwe kitu ambayo sina nyumbani. Nilionyeshwa."

Nilimwambia kwamba nyota zilikuwepo. Nilimwambia juu ya likizo, na uwanja uliokandikwa. Alisikiliza hadi mwisho. "Sasa ndiyo unasema," akajibu. Nje nilimsikia Jerono akicheka na wadogo zake, kicheko cha kawaida kabisa, na nadhani hicho ndicho nilichokuja nacho mjini kwa miguu, kikinifuata njia nzima. Mahari ilipokelewa kabla ya mvua. Sayansi haikufundishwa pale shuleni kwa miaka mingi. Darubini ilirudi nyuma ya nyumba ya Mama Rasoa, na baada ya muda bomba likapelekwa stoo, na ile miguu mitatu Mama Rasoa akaiwekea beseni la kunawia wateja wake. Ilifaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu uwanja ulikuwa sawa.

Miaka baadaye, nikiwa tayari mwalimu wa walimu, nilifungua kitabu kimoja cha maktaba na kukuta mchoro. Shingo ya darubini ya namna ile lazima ielekezwe pale ambapo mbingu nzima huonekana kuzunguka. Kwa mtu aliye Uingereza mahali hapo pako juu, zaidi ya nusu ya njia kutoka ukingo wa dunia hadi utosini. Kwa mtu aliye Eldoret, karibu na ikweta, pamelala chini kabisa upande wa kaskazini, kwenye ukingo wenyewe, pale mashamba ya ngano yanapoishia. Skrubu ile isiyotakiwa kulegezwa ilikuwa imefunga shingo kwa mbingu ya Uingereza. Shingo ilipaswa kulazwa chini karibu sawa na ardhi. Kila nilipogeuza gurudumu nilikuwa nafuata nyota za kwao kwa kupita juu ya nyota zetu. Nilikaa na kitabu kile mpaka mlinzi wa maktaba akaja kunifukuza. Ningeweza kujifariji kwamba kosa lilikuwa la chuma, na kuna miaka nilijifariji hivyo. Lakini chuma hakikuwa kimesema "imeshapita tena". Jerono nilikutana naye mara nyingi sokoni na kwenye harusi za watu. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita Mwalimu, akaniuliza habari za miguu yangu. Mara moja tu, tulipokuwa tumebanwa na mvua chini ya paa la duka, aliinua kidevu kuelekea mawinguni akasema, "Zile nne bado ziko, Mwalimu?" Nikasema ziko. "Nilijua," akasema, na mvua ikapungua tukaachana.

Juzi, baada ya mazishi, niliketi karibu na mwanamke wa Kizungu, mzee kama mimi, aliyekuwa akila wali kwa mkono. Alibaki hapa wazungu wenzake walipoondoka, na alikuwa jirani ya Jerono. Walibadilishana mbegu za maua na mitamba. Alikuwa mtoto wa dada yake Bwana Mluzi, aliyelelewa katika nyumba ile yenye baraza. Nilipotaja darubini aliweka sahani chini.

"Ile kubwa?" akasema. "Mjomba hapana ona kitu na ile, Mama. Hata nyota moja. Yeye nafika nayo kutoka Ulaya, najaribu kiangazi moja, nyota nakimbia, nakimbia, yeye natukana mpaka mpishi naficha mimi jikoni. Basi naweka kwa baraza, boi nasugua, wageni nasifu. Kila jioni yeye natoka na ile ndogo."

Nikamuuliza kama anaikumbuka siku ambayo shule ilikuja kuchukua. Anaikumbuka, alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alisema gari la Misi lilipopita geti, mjomba wake alivaa ile ndogo shingoni, akaenda nayo hadi mwisho wa bustani, na alipiga mluzi mpaka chakula kikapoa mezani.